Mwalimu mmoja na nusu

Profoma, yaani hati ya bei, ya programu ya kufundishia watoto ilikuwa ya kurasa tatu, karatasi ya kung'aa, na juu yake picha ya mtoto anayecheka huku amekumbatia kishikwambi (tableti). Mama mwenye shule aliiweka mezani, kati ya sahani ya machungwa yaliyomenywa na daftari la mahudhurio, akanisogezea kidogo kwa ncha ya kidole.

"Mweka hazina, hesabu ni zako. Niambie tu, tunaiweza au hatuiwezi."

Mimi ni mzazi. Wanangu wawili wanasoma pale, na kwa kuwa riziki yangu ni uhasibu, siku moja niliitwa kikaoni kufafanua risiti nikatoka nikiwa mjumbe wa bodi. Shule yenyewe ni ndogo: watoto 184 kuanzia awali mpaka darasa la saba, walimu 11, kisima kimoja na mwembe unaofanya kazi ya ukumbi. Tuko Muheza, mkoani Tanga, na mtu wa Muheza hahitaji kuelezwa ada yetu inaingiaje. Machungwa yakipata bei, wazazi wanalipa. Yakidoda, tunakusanya ahadi. Profoma ile ilitaka tulipe leseni ya mwaka mzima kwa mkupuo, mwezi Januari.

Nilimwomba wiki mbili. Ziligeuka miezi mitatu.

Kabla sijashika kikokotoo nilizunguka kuuliza watu wanachokitaka, na hapo ndipo nilipoona kwamba tulikuwa tunazungumzia vitu vitatu kwa jina moja. Mama mwenye shule alikuwa na wasiwasi wa wateja. Shule ya jirani ilikuwa imebandika bango la "darasa la kidijitali" barabarani, na wazazi wawili walishahamisha watoto. Mwalimu wa taaluma yeye alikuwa anaumwa na ripoti. Kila mwisho wa muhula analala saa nane za usiku akijaza alama kwa kalamu, anajumlisha, anatafuta wastani, anapanga nafasi, halafu mzazi mmoja anagundua kosa na karatasi zote za darasa zinaandikwa upya. Mwalimu wa darasa la tatu, mama mmoja mpole wa makamo, nilipomuuliza alifikiri kidogo akasema: "Mimi nina watoto 27. Tisa hawajui kutoa kwa kukopa. Kipindi kikifika nafundisha kuzidisha kwa sababu muhtasari umefika huko."

La mwalimu wa taaluma lilikwisha Jumamosi moja asubuhi. Nilimtengenezea faili la Excel lenye karatasi moja kwa kila darasa. Alama zinaingia upande mmoja, ripoti inatoka upande wa pili. Halikugharimu kitu ila chapati na chai. Nalitaja kwa sababu kwenye profoma kulikuwa na "moduli ya ripoti za wanafunzi" iliyopambwa kwa herufi nene, na nina hakika shule nyingi zinanunua mfumo mzima wa kufundishia kwa ajili ya kitu hicho kimoja tu. Programu ya kusimamia shule na programu ya kumfundisha mtoto ni bidhaa mbili. Muuzaji akizifunga furushi moja, fungua furushi kwanza.

Basi nikarudi kwenye tarakimu. Leseni ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, mkataba wa miaka mitatu. Kwa watoto 184 hiyo ni 4,600,000 kwa mwaka, yaani 13,800,000 kwa mkataba wote. Vishikwambi 30, kimoja 280,000, jumla 8,400,000. Intaneti niliipigia 120,000 kwa mwezi, miezi kumi ya masomo, miaka mitatu: 3,600,000. Kabati lenye kufuli, ekstensheni, chaja za akiba na fundi wa umeme, 900,000. Jumla kuu: shilingi 26,700,000. Hapo sijaweka kioo hata kimoja kilichopasuka.

Namba kubwa peke yake haisemi kitu. Mkutano wa bodi ukisikia milioni 26 kila mtu anavuta pumzi, halafu anaanza kuizoea. Kwa hiyo nikaigeuza kuwa kitu tunachokijua. Mwalimu wetu wa kawaida analipwa 450,000, na ukiongeza asilimia 10 ya mwajiri inayokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, anatugharimu 495,000 kwa mwezi, yaani 17,820,000 kwa miaka mitatu. Ukigawanya unapata mwalimu mmoja na nusu. Nikaandika hivyo hivyo juu ya karatasi ya kikao: *Swali: tunataka programu hii, au mwalimu mmoja na nusu?*

Nilijiona mjanja sana. Afisa mauzo, kijana mwenye adabu na shati lililonyooshwa vizuri, alinijibu papo hapo: "Mzee, mwalimu huyo atakuwa kwenye darasa moja. Programu iko kwenye madarasa yote kwa wakati mmoja." Hoja nzuri. Nikamwambia basi tuijaribu muhula mmoja. Akasema utaratibu wa kampuni ni wiki mbili. Akatuazima vishikwambi 15.

Neno hilo "kishikwambi", kwa njia, lilikuwa la kwenye kamusi tu mpaka Sensa ya 2022, pale makarani walipopita nyumba kwa nyumba navyo, na baadaye vikakabidhiwa walimu wa shule za serikali. Watoto wetu bado wanasema "tableti".

Siku ya kwanza nilikaa dawati la nyuma darasa la tatu, simu yangu ikihesabu dakika. Kipindi ni dakika 40. Kugawa vishikwambi, kuwasha, kusubiri, kuandika jina la mtumiaji na neno la siri lenye herufi kubwa moja na namba mbili (nani aliyeamua kwamba mtoto wa miaka minane anahitaji herufi kubwa?), na kumsaidia aliyekosea mara tatu akafungiwa nje: dakika 11. Kukusanya, kuhesabu na kurudisha kabatini: dakika 5. Zikabaki 24, na watoto walikuwa wawili wawili, kwa hiyo kila mmoja alipata 12. Wiki ya pili walishazoea, kugawa kukashuka mpaka dakika 7. Hakuna mahali kwenye profoma palipoandikwa dakika.

Sauti nayo. Vishikwambi 15 vikisema "Vizuri sana! Jaribu tena!" kwa wakati mmoja, ndani ya chumba chenye paa la bati, mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuchungulia akidhani kuna sherehe.

Kulikuwa na mvulana mmoja dawati la mbele aliyekuwa anakusanya nyota kwa kasi ya ajabu. Mwalimu akampongeza mbele ya wenzake. Nikasogea kumtazama vidole. Swali likitokea lenye majibu manne, hasomi. Anabonyeza la kwanza, la pili, la tatu, la nne, mpaka ile ya kijani iwake, anapewa nyota, anaendelea. Nikamuuliza taratibu, mbona husomi swali? Akanitazama kama mtu anayemwelimisha mgeni: "Ukibonyeza zote, moja lazima itakuwa ya kweli." Kwenye taarifa ya mwalimu aliandikwa "Amefaulu: mazoezi 31".

Ingeishia hapo ningeandika ripoti ya kukataa, nikalala usingizi mzuri. Lakini kulikuwa na binti mmoja kwenye kona ya dirishani, mmoja wa wale tisa. Darasani hanyooshi mkono. Siku ya nne nikamkuta peke yake (mwenzake alikuwa anaumwa) anafanya mazoezi ya kutoa ya darasa la kwanza. Hakuna aliyemwambia, alibonyeza kishale cha kurudi nyuma, akarudi, akarudi, mpaka akafika mahali anapopaweza. Akafanya ya darasa la kwanza yote. Siku ya saba alikuwa kwenye kukopa, anahesabu kwa vidole vya mguuni chini ya dawati. Hakuna aliyemcheka kwa sababu hakuna aliyejua yuko ukurasa gani.

Nililibeba hilo nyumbani, na usiku nikaanza kusoma wengine walipata nini.

Wanaotaka kukataa huitaja Peru. Serikali ile ilisambaza kompyuta ndogo za mpango wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), na mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika (IDB) wakatoa matokeo ya shule 319 za vijijini: kompyuta zilipanda kutoka 0.12 kwa mwanafunzi hadi 1.18, yaani zaidi ya moja kwa kila mtoto, na alama za hesabu na lugha hazikusogea. Wanaotaka kukubali huitaja Delhi. Huko watoto walitumia programu ya Mindspark kwenye vituo vya baada ya masomo, na kwa miezi minne na nusu tu wakawaacha mbali wenzao katika hesabu. Ila ukisoma kwa makini utakuta mambo mawili. Programu ilikuwa inampima mtoto kisha inamrudisha kwenye kiwango chake, si cha darasa lake. Wale wa darasa la sita walikuwa nyuma kwa wastani wa miaka miwili na nusu. Na ile dakika 90 ya kila siku iligawanywa katikati: 45 kwenye kompyuta, 45 na mtu, katika vikundi vidogo.

Sisi wa mkoa wa Tanga tuna kesi yetu wenyewe. Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu, lenye zawadi ya dola milioni 15, lilifanyiwa majaribio vijijini kwetu hapa, kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170, vishikwambi vikichajiwa kwa umeme wa jua. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili walipoanza. Baada ya miezi 15 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua kwa nusu. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zikagawana ushindi. Matokeo hayo yananifurahisha mno, lakini wengi wa watoto wale walikuwa hawajawahi kukanyaga shule. Kwao kishikwambi kilikuwa badala ya kukosa kila kitu. Kwetu kingekuwa badala ya kipindi cha mwalimu aliyepo, anayelipwa, na anayewajua kwa majina.

Nikakumbuka binti wa dirishani. Kitu kilichomsaidia kilikuwa kurudi nyuma bila aibu. Hicho ndicho tulichokuwa tunakikosa, na bei yake haikuwa lazima iwe 26,700,000.

Kabla ya kikao nilimpigia afisa mauzo nikiwa na maswali matatu. La kwanza lilihusu mtaala. Kuanzia Januari 2024 darasa la tatu linatumia mtaala mpya. Mimi nilipofungua programu yao upande wa darasa la tatu nikakuta Maarifa ya Jamii imekaa palepale, wakati watoto wangu wanakuja nyumbani na daftari la Historia ya Tanzania na Maadili. Akasema "maboresho yapo njiani". La pili: tukiacha baada ya mwaka mmoja, kumbukumbu za watoto tunazitoaje? Akasema mfumo kwa sasa hauruhusu kupakua. La tatu lilihusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mkataba wao ulitaka majina, tarehe za kuzaliwa na picha za watoto, na hakuna mstari hata mmoja uliosema zinahifadhiwa wapi wala mzazi anaombwa ridhaa lini. Hapo alinyamaza kidogo, akasema atawasiliana na makao makuu. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Hajawahi kuulizwa, basi.

Kikao kilikuwa kirefu. Mzee mmoja wa bodi, aliyestaafu ualimu, alisimama akasema tunawanyima watoto maendeleo kwa ubahili wa wahasibu. Mama mwenye shule alinyamaza muda mrefu akichezea funguo. Mwisho akamgeukia mwalimu wa darasa la tatu, ambaye kikao kizima hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, na mimi nikiwemo. "Mwalimu, wewe ndiye utakayeshika. Unasemaje?"

"Shikamooni wazee," akaanza, maana alikuwa mdogo kuliko wengi pale. "Mimi nikipewa saa moja isiyo na muhtasari, mara tatu kwa wiki, na vitu vichache vya kuchezea, nitawarudisha nyuma wale tisa. Na wa darasa la nne pia wapo."

Tukapiga kura juu ya sentensi hiyo.

Tulichofanya ni hiki. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa nane hadi saa tisa mchana, darasa la tatu, la nne na la tano yanavunjwa. Watoto wanapangwa kwa wanachokiweza, bila kujali wako darasa gani. Mpangilio huo hatukuubuni; shirika la Pratham la India limeufanya miaka mingi kwa kadi, vijiti na ubao tu. Kikundi kimoja kwa zamu kinakaa kwenye kona yenye vishikwambi vinane vya mitumba. Kwenye meza kuna laptopu iliyotumika, nayo ina Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti.

Kolibri ni ya bure. Inatengenezwa na Learning Equality, shirika lisilo la faida la Marekani, waliowahi kutoa KA Lite mwaka 2012 ili masomo ya bure ya mtandaoni ya Khan Academy yatumike mahali pasipo na mtandao. Unapakua masomo mara moja ukiwa na bando, mimi nilifanya hivyo ofisini kwangu usiku mbili mfululizo, halafu laptopu inayagawa kwa vishikwambi kupitia ruta ndogo isiyounganishwa na intaneti yoyote. Mwalimu anaona nani amefika wapi. Hadithi za Kiswahili za African Storybook zimo. Vitabu vya kiada tunavichukua kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nako hakuna malipo.

Bure, lakini msije mkasema nimewadanganya. Laptopu 450,000, ruta 70,000, vishikwambi vinane 1,200,000, hedifoni 80,000. Na posho ya mwalimu wa darasa la tatu, 60,000 kwa mwezi kwa miezi kumi, 600,000. Jumla 2,400,000 kwa mwaka wa kwanza. Kulikuwa na ubishi juu ya posho. "Si anafundisha tu kama kawaida?" Hapana, anapanga vikundi Jumapili usiku, anachagua mazoezi, anafuta yasiyoendana na mtaala, na mara mbili amepanda bodaboda kuleta laptopu kwangu ilipogoma. Kazi hiyo ipo kwenye kila programu duniani, ya bei mbaya na ya bure. Tofauti yetu ni kwamba tuliiandikia mstari kwenye bajeti.

Siwezi kuwaambia kwamba alama zimepaa. Wale tisa, sita sasa wanatoa kwa kukopa, watatu bado, na mmoja wa hao watatu tumegundua haoni vizuri ubaoni. Hilo lilikuwa swali la miwani muda wote. Masomo ya Kolibri mengi yametafsiriwa, kwa hiyo utakuta mfano wa tufaha na theluji pale ambapo chungwa lingetosha. Bango la shule ya jirani bado lipo, na Januari tulipoteza mtoto mwingine aliyelifuata. Mama mwenye shule hajalisahau. Juzi ameniuliza tena, safari hii kwa upole, kama hatuwezi walau kuchora ukutani neno "Digital". Nikamwambia rangi ni 35,000. Anafikiria.

Mvulana wa nyota nilimpeleleza. Kwenye mazoezi ya sasa, ukikosea jaribio la kwanza hupati alama ya usahihi hata ukipatia la pili. Wiki ya kwanza alikasirika. Wiki ya pili alimwendea mwalimu akamwambia mashine imeharibika.

Anayechaji ni mlinzi. Hakuna aliyempangia, ni kwamba yeye ndiye aliye macho usiku, na soketi iko kibandani kwake. Amejinunulia daftari la kurasa 48, amelipiga mistari, na kila asubuhi anamkabidhi mwalimu mkuu pamoja na funguo: namba ya kishikwambi, saa kilipowekwa, saa kilipotolewa, uniti za umeme wa LUKU zilizobaki. Nilipopita jana aliniita pembeni akanionyesha kwa kidole.

"Namba 5 haishiki chaji tangu Jumatatu, bosi. Nadhani ni waya."

Nimenunua waya. Elfu tano.